Mwaka Niliowaita Kanga

Mtoto wa kwanza aliyekohoa nilidhani ana mafua. Alisimama mlangoni mwa jiko, sinia ya vikombe mikononi, akakohoa kikohozi kimoja kikavu, akangoja, na mtu aliyekuwa ndani akakohoa pia, ndipo akaingia. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Alipokuja wa tatu, msichana wa miaka sita hivi, ilimbidi autoe muhogo mdomoni kwanza ili apate kukohoa, na wanawake niliokaa nao mkekani wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimwuliza Mbeyu, aliyekuwa ananimiminia chai, hawa watoto wana nini. Akaniambia hawana lolote, ni sheria ya marehemu baba yake. Tangu yale yaliyompata kaka yake Nyawa, katika boma lile huingii mahali bila kukohoa na kujibiwa, awe ni mtoto au mgeni, iwe ni jikoni au zizini. Wajukuu wameikuta sheria hiyo, wakakua nayo, na sasa wanaifuata bila hata kufikiri. Aliyasema hayo kwa wepesi huku akitafuta sukari. Mimi ni mwalimu mstaafu, najua kuficha uso; nikamwonyesha sukari ilipokuwa.

Mbeyu ndiye aliyenipigia simu kutoka Kombani, anakouza nafaka, kunijulisha kwamba Mzee Mwero amefariki. Nilimfundisha herufi zake za kwanza akiwa na miaka mitano, na mpaka leo, na mvi zake, huniita Mwalimu Siti. Nilitoka Msambweni alfajiri, nikafika kwao bara, Samburu ile ya barabara kuu ya Mombasa, jua likiwa kichwani, mazishi yamekaribia kuanza. Nilikuwa sijakanyaga pale tangu nilipokuwa na miaka ishirini. Mara nne walinialika kwenye harusi na mara nne nilipata udhuru. Safari hii sikuwa na udhuru uliobaki, na tena nilikuwa nimeshachoka.

Ilikuwaje binti wa Msambweni wa miaka kumi na tisa akaenda kufundisha chekechea kwenye nyika ile ni hadithi ya wazazi wangu, na wao wameshatangulia, basi niiache. Nilipewa chumba katika nyumba ya Mzee Mwero. Kilikuwa na kitanda cha kamba, ndoo, msumari mmoja wa kutundikia nguo zote nilizokuwa nazo, na ukuta wa udongo uliokitenga na jiko. Ukuta huo haukufika juu. Uliishia kwenye urefu wa mtu mrefu aliyenyoosha mkono, na pale juu palikuwa wazi, kwa hiyo moshi wa jikoni, harufu za jikoni na maneno ya jikoni yote yalikuwa yangu pia. Mama Nyawa, mkewe Mzee Mwero, alikuwa na tabia ya kuongea na sufuria. Niliamka kila siku nikimsikia anaiuliza kwa nini haichemki. Wiki ya kwanza nililetewa kutoka nyumbani papa mkavu, nikampa ampike kwa nazi, na nyumba nzima ikatoka nje kwa harufu, hata mbuzi wakasogea. Baada ya hapo tulikubaliana: mimi nitakula sima na mboga ya mchunga kama watu, na papa atabaki Msambweni.

Ule mwaka ulianza kwa ukame. Kanga walikuwa wanakuja kunywa kwenye lambo nyuma ya shule, kundi zima, arobaini au hamsini, kijivu na madoa yao meupe, wakitembea kwa haraka kama watu waliochelewa kazini. Siku moja, nikiwafundisha watoto sauti za wanyama, nilifika kwa kanga nikaita kama jike anavyoita: pigo la kwanza fupi, la pili linapanda. Dume lina pigo moja tu, hulirudiarudia. Watoto walicheka, nikaita tena, na dume mmoja aliyekuwa peke yake, kilema kidogo, akaruka ua wa miba akatua mbele ya mlango wa darasa, akatazama ndani. Mzee Mwero alikuwa anapita na mbuzi wake. Akasimama. Baada ya watoto kwenda nyumbani akaja kuniuliza ni nani aliyemwita yule, nikamwambia ni mimi, akaniambia niite tena. Nikaita. Akafumba macho, kisha akafungua mdomo akanionyesha ufizi mtupu mbele. Alikuwa mwitaji wa kutegemewa katika nyika ile mpaka meno yale yalipong'oka, akaeleza, na bila meno ya mbele pigo la pili halipandi, linavuja. Mwaka mzima alikuwa na uta na mishale lakini hana mdomo. Alikuwa anaitazama midomo yangu kwa wivu mtupu, wala hakuuficha.

Serikali ilikuwa imeshapiga marufuku uwindaji, jambo ambalo Mzee Mwero alilijua na kuliheshimu kwa swala, kwa kuro, kwa kila chenye miguu minne. Kanga alimhesabu upande wa mboga. Mimi sikuwala hao kanga wa mshale, kwa kuwa hawakuchinjwa, naye alilifurahia hilo kwa sababu yake mwenyewe: kwao mwitaji hali alichokiita. Akila, sauti inaharibika. Basi dini yangu na mila yake vikapatana, na nyama yote ikabaki kwao.

Kabla ya kunipeleka porini hata mara moja, alinikalisha jikoni akanifundisha utaratibu kwa wiki mbili. Mwitaji anakaa kichakani, mgongo kwenye mti. Mpiga mshale anakaa mbele, hatua thelathini hivi, kando ya njia. Mwitaji anaita mara tatu. Halafu anakohoa, kikohozi kimoja cha wazi, cha mtu. Halafu anahesabu hadi kumi kimoyomoyo, akisikiliza. Kama kuna mtu mwingine anayeita kanga upande wa pili wa kichaka, na ameitikia wito wako akidhani wewe ndiye ndege, atakusikia na atakohoa naye, mtaamkiana na mtacheka. Kama hakuna aliyekohoa, mwitaji anaita mara ya nne. Mpiga mshale si kila mara husikia kikohozi, hasa majani yakidondosha maji. Anachosikia ni wito, na wito wa nne maana yake ni kwamba pako safi. Mpaka asikie wa nne, upote wa uta wake haujavutwa. Nilimwuliza kama kikohozi hakifukuzi ndege. Akasema hufukuza, mara moja katika mara tatu. "Kanga atarudi kesho," aliniambia. "Mtu harudi." Akanifanyisha mazoezi mpaka Mama Nyawa akalalamika kwamba jiko lake limegeuka wodi ya kifua kikuu.

Wakati wa kiangazi kuita ni kazi bure. Kundi halina haja na mtu, wanainua vichwa tu kisha wanaendelea kuparura. Mvua zilipoanguka kundi likavunjika. Ghafla madume yakaanza kufukuzana mbio ndefu za ajabu, mabawa yameinuliwa mgongoni, yakisimamishana na kukimbizana tena, na kila dume lililokosa mwenzi likawa linazurura peke yake na linakuja kwa sauti yoyote inayofanana na jike. Mzee Mwero alizijua saa zao kuliko alivyozijua saa za redio. Mvua ikinyesha usiku, alisema, kanga hashuki mtini mapema kwa kuwa hapendi kulowa tumbo, na akishuka hatembei majanini, hufuata njia wazi. Kwa hiyo tulitoka siku za mvua, jua likishachomoza, tukakaa kando ya njia ya mbuzi. Asubuhi saba za kwanza tulirudi na ndege watano. Nilianza kutembea kwa maringo. Wanawake kisimani waliniita Mama Kanga na mimi nikajifanya nimekasirika.

Nyawa alikuwa mtoto wao wa kwanza, miaka ishirini na miwili, utingo wa lori la barabara kuu. Alikuja nyumbani bila taarifa, akakaa siku mbili, akaondoka na lori lililotangulia kupita. Alikuwa na sweta la kijivu la shule alilokataa kulitupa, na kicheko alichokuwa anakizuia puani mpaka kikamshinda. Alipoambiwa kuhusu kazi yangu mpya aliniuliza, mbele ya mama yake, bila haya:

"Mwalimu, mbona wanaokuja ni wenye mabawa tu?"

Mama Nyawa alimtupia kibanzi cha kuni. Jioni ile, nikichambua kunde mlangoni, Nyawa alisimama upande wa pili wa ua akajaribu sauti ya dume, lile pigo moja, vibaya sana, kama mlango unaotaka mafuta. Nilimwambia hata kanga kiziwi hatamjia. Akasema atajifunza, njia ni ndefu na ndani ya lori hakuna kazi nyingine, na siku moja nikiita ataniitikia yeye. Akaniuliza anichukulie nini Mombasa. Nikasema haluwa, kwa kuwa ndicho kitu cha kwanza kilichonijia mdomoni. Nilimpenda. Naliandika sasa kwa sababu mume wangu yuko mbele ya haki, watoto wangu ni watu wazima, na hakuna tena wa kuumia kwa neno hilo ila mimi. Hatukuwahi kushikana hata mikono.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya manyunyu. Tulikuwa tumetoka siku tatu mfululizo tukarudi mikono mitupu, na Mzee Mwero alikuwa ameanza kunitazama midomo tena, safari hii kwa mashaka. Nilikaa kichakani, mgongo kwenye mti. Simwoni yeye, yeye hanioni. Nikaita mara ya kwanza, na kabla sijavuta pumzi ya pili dume likajibu, mbali kidogo, upande wa barabara. Pigo moja, pigo moja, pigo moja, kisha likanyamaza. Nikaita mara ya pili. Likajibu likanyamaza. Mara ya tatu vilevile. Hapo ndipo penye habari yote, na nimeirudia mara nyingi mno hata nina hakika nayo. Kanga hangoji umalize. Kanga akisikia mwenzake anadakia, anaita juu ya sauti yako, mnapiga kelele pamoja. Huyu aliningoja. Alikaa kimya mpaka nimalize pigo langu la pili, na ndipo akaitika, kwa adabu, kama watu wawili wanaoamkiana mlangoni.

Nililisikia hilo. Siwezi kusema sikulisikia. Nililisikia na likanipendeza, nikahisi kitu kitamu kifuani nisichokuwa na jina lake, na nikajua kwamba nikikohoa kitakatika. Mara moja katika mara tatu kikohozi hufukuza ndege. Nikajiambia ni kwa ajili ya ndege, ni kwa sababu ya siku tatu za mikono mitupu. Nilitaka kuendelea kuitikiwa, basi. Nikanyamaza pale palipotakiwa kikohozi, nikahesabu hadi kumi kimya, nikaita mara ya nne.

Akaitika karibu kabisa. Majani yakatikisika, na mimi nikatabasamu, Mungu ananiona. Upote wa uta ukalia. Kisha nikamsikia Mzee Mwero akisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejisahihisha, "Ni mtu." Halafu baada ya kitambo, kwa sauti ileile, "Ni Nyawa."

Alikuwa anatambaa kwa mikono na magoti, sweta lake la kijivu limelowa, na mshale ulimpata shingoni. Lori lilikuwa limemshusha barabarani alfajiri. Alifariki kabla hatujamfikisha nyumbani, tumembeba mimi na baba yake, mimi miguuni. Hakusema neno, na watu wakiniuliza huwaambia hakupata maumivu, jambo ambalo silijui. Tulipomweka chini tupumzike, Mzee Mwero alinitazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akauliza, "Ulikohoa?"

"Nilikohoa," nikasema.

Lilitoka bila mimi kulifikiria, upesi kama jina langu. Kama angesubiri kidogo kabla ya kuuliza, kama angeuliza tukiwa nyumbani, labda ningejibu vingine. Nimefundisha watoto miaka thelathini na kitu na nimewaona wengi wakidanganya, na najua kwamba uongo wa kwanza ndio wa woga. Wa pili mtu anakuwa ameshaketi, amepewa maji, anajua anachofanya. Wazee walikaa siku iliyofuata chini ya paa la darasa langu, nami nikakalishwa kwenye kibenchi cha watoto, magoti yanagusa kidevu. Waliniuliza taratibu, kwa heshima, kwa kuwa nilikuwa mgeni na mwalimu. Niliita mara ngapi? Tatu. Nikafanya nini? Nikakohoa. Kwa nguvu? Kwa nguvu. Alijibu? Hakujibu. Nikahesabu? Nikahesabu. Wakaangaliana. Nyawa alizaliwa katika nyumba ile, utaratibu ule aliujua tangu hajaota meno. Basi alikisikia kikohozi akanyamaza kwa makusudi, kwa mchezo wake, na kosa lilikuwa lake. Baba yake hakuwa na hatia, wala mimi. Serikalini iliandikwa ajali. Nikarudi chumbani kwangu nimesafishwa.

Siku ya tatu ya matanga Mama Nyawa alikuja na mfuko wa mwanawe. Ndani mlikuwa na shati, sabuni, na kifurushi cha haluwa, majani yake yamefungwa vizuri kwa uzi. Alisema katika nyumba hii hakuna mtu anayekula kitu hiki, kwa hiyo ni chako. Akaketi anitazame nikila, kwa kuwa kumpa mgeni chakula ndiyo kazi pekee aliyokuwa bado anaiweza wiki ile. Nilikula yote. Sijapata kuila tena, hata Idi, na wanangu wanaamini ni ugonjwa wa sukari.

Mtu mwingine angeondoka. Mimi nilibaki mpaka Desemba, kwa sababu kuondoka kungeonekana, na kwa sababu hiyo nikaipata adhabu ambayo hakuna mzee wa baraza angeweza kunihukumu nayo. Kila asubuhi, kupitia ule uwazi juu ya ukuta, niliwasikia wale wazazi wawili wakimrekebisha mtoto wao. Mwanzo walikuwa wanauliza tu. Mbona hakukohoa? Mama Nyawa aliiuliza sufuria, aliuliza kuni. Mzee Mwero akajibu pengine alikuwa amechoka na safari. Mwezi uliofuata, pengine barabara ilimfundisha dharau. Kufikia mavuno walikuwa wamekumbuka kwamba tangu utotoni alikuwa na kiburi, kwamba akiitwa aliitika kwa kuchelewa makusudi, kwamba aliwahi kujificha zizini siku nzima watu wanamtafuta. Mama Nyawa akasema, siku moja, akikoroga uji, kwamba mtoto mwenye kumpenda baba yake asingemfanyia vile. Mzee Mwero akasema, "Basi. Mwache." Lakini hakusema si kweli. Mimi nilikuwa upande wa pili wa udongo, na shati la kufundishia mkononi, na nilichotakiwa kufanya ni kusema neno moja kwa sauti ya kawaida, lingepita juu ya ukuta bila mimi hata kusimama. Nilivaa shati nikaenda kuwafundisha watoto wao kusema kweli.

Mambo ya namna hii yana njia yake ya kumfuata mtu. Sikumwona Nyawa, sikutokewa na kivuli, wala sikupungwa pepo na shehe. Ila Msambweni, miaka yote, nikizungumza na mtu akaningoja nimalize, akakaa kimya kwa adabu mpaka neno langu la mwisho ndipo akajibu, mwili wangu unakuwa baridi. Mume wangu alikuwa mtu wa namna hiyo, msikilizaji. Maskini hakujua kwa nini nilikuwa namwomba anikatize.

Tulimzika Mzee Mwero alasiri, ubavuni mwa mwanawe. Nililala katika chumba changu cha zamani, ambacho sasa ni ghala la mahindi ya Mbeyu, na ule ukuta bado haujafika juu. Asubuhi niliamshwa na Mama Nyawa, anaongea na sufuria. Haoni vizuri sasa na wajukuu ndio wanaopika, lakini hukaa pale kwenye kigoda chake na kuzisimamia sufuria. Nilisimama mlangoni. Nikashindwa kukohoa. Yule mjukuu wa muhogo akanitazama kwa mshangao, mgeni gani huyu asiyejua kuingia nyumba, akakohoa kwa ajili yangu. Mama Nyawa akajibu. Nikaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Kaa. Umekonda, nakusikia kwa miguu."

Nilimwomba mtoto akachote maji. Nikakaa chini sakafuni, nikamwambia. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu nilipopita Kombani njiani, kwa mpangilio wa kiwalimu, kwanza hiki kisha kile, na hakuna hata moja lililokuja. Nilisema, "Mama, sikukohoa." Nikamweleza kwamba niliita mara tatu, nikanyamaza, nikaita ya nne, na kwamba Nyawa hakunyamazia kikohozi chochote kwa kuwa hakukuwa na kikohozi. Nikamwambia kwamba alikuwa ananingoja nimalize kila mara, na nililisikia hilo. Nikamwambia kwamba nilidanganya njiani na nikadanganya barazani, na asubuhi zote zile nilikuwa nyuma ya ukuta nawasikia.

Hakulia wala hakunipiga. Niliogopa kwamba hatanipiga. Alinyoosha mkono akaupapasa mfuniko wa sufuria, akauweka sawa ingawa ulikuwa sawa.

"Kila mwaka mvua ikianza naenda pale kwake," alisema. "Namgombeza. Namwambia, mwanangu, kikohozi kimoja tu, ungekosa nini?" Nilimngoja. "Na baba yake tumemzika jana. Amekwenda akiwa bado na hasira naye. Siku zake za mwisho ndilo alilokuwa analisema, kwamba sasa atamwuliza mwenyewe kwa nini hakujibu."

Nilisema nisamehe, mama, na nikalirudia, mpaka akainua mkono ninyamaze.

"Hayo ya kwangu yangoje, mimi niko hapa," akasema. "Nenda ukamwambie Nyawa. Nenda sasa hivi, kabla baba yake hajamfikia."

Nilimshika mkono tukatoka wote wawili, kigoda chake kwapani mwangu, nikamkalisha kando ya ua, naye akageuza uso upande wa makaburi. Lile jipya lilikuwa bado na udongo mwekundu uliovimba. La Nyawa lilikuwa limeshuka karibu kuwa sawa na ardhi, na watu walikuwa wamelipanda maua ya kawaida, yale mekundu yasiyotaka maji. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na majani yalikuwa yanadondosha. Mbali, upande wa lambo, kanga jike alikuwa anaita, na madume mawili au matatu yanamdakia, wote kwa pamoja, hakuna anayemngoja mwenzake.

Nilipiga magoti. Nikakohoa, kikohozi kimoja cha wazi, cha mtu. Kisha nikaanza kuhesabu kimoyomoyo, polepole, kama nilivyopaswa kuhesabu siku ile. Nilipofika tisa, nyuma yangu, kwa niaba ya mwanawe, Mama Nyawa akakohoa, nami nikaanza kumwambia.